Hegel hakufundisha kanuni ya hatua tatu

Wengi wetu tuliosoma falsafa hapa Kampala tuliandika daftarini kwamba dialektiki ya Hegel, mwanafalsafa wa Kijerumani, yaani namna yake ya kufuata jinsi mawazo yanavyoendelea kwa kupingana, ni hatua tatu: dai, dai pinzani, kisha usanisi unaoyapatanisha. Kanuni hiyo hukaririwa kwa urahisi, lakini si ya Hegel.

Aliyeyatumia maneno hayo matatu kwa utaratibu ni mwanafalsafa Johann Gottlieb Fichte, katika kazi yake ya mwaka 1794. Mwaka 1837, Hegel akiwa amekwisha kufariki miaka 6 kabla, mwanafalsafa Heinrich Moritz Chalybäus aliifafanua falsafa ya Hegel kwa mpangilio huo, na maelezo yake yakaenea. Hegel mwenyewe, katika dibaji ya kitabu chake cha mwaka 1807, alikosoa desturi ya kugeuza utatu kuwa kiolezo kisicho na uhai kinachobandikwa juu ya kila jambo.

Tofauti hii ni nzito, nami naona inafaa kusisitizwa. Katika kanuni ile, upinzani hutoka nje, kama wazee wawili wanaosuluhishwa barazani. Kwa Hegel, wazo lenyewe likifuatwa hadi mwisho wake hufichua upungufu uliomo ndani yake. Katika kazi yake juu ya mantiki, anaanza na kuwapo kutupu, kusiko na sifa yoyote, na kwa sababu hiyo hiyo hakutofautiki na kutokuwapo. Ukweli wa yote mawili ni kule kugeuka kwa kimoja kuwa kingine. Kitenzi chake cha Kijerumani, aufheben, hubeba maana ya kufuta na kuhifadhi kwa pamoja, jambo ambalo neno “kupatanisha” haliwezi kulibeba.