Funguo za Ukurasa wa Asasi Ziko kwa Nani?

Asasi nyingi zisizo za kiserikali huingia kwenye mitandao ya kijamii kupitia simu ya kijana mmoja anayejitolea. Anafungua ukurasa kwa barua pepe yake, laini yake na nywila anayoijua peke yake. Akipata ajira kwingine, uongozi unagundua kwamba wafuasi, picha na jina la asasi vyote vimeondoka naye. Ndiyo maana nikiombwa ushauri, kabla ya kuzungumzia cha kuposti nauliza kwanza nani anashika funguo.

Anza na barua pepe ya asasi na laini ya simu ya asasi. Kwenye Facebook fungueni ukurasa, si akaunti binafsi iliyopewa jina la asasi. Akaunti binafsi inakomea marafiki 5,000, na kwa kuwa kanuni zinataka iwe ya mtu halisi, inaweza kufungwa wakati wowote. Ukurasa hauna nywila yake: kila msimamizi anaingia kwa akaunti yake na kupewa mamlaka. Wapeni mamlaka kamili watu wawili au watatu, mmoja wao awe wa uongozi. Wengine wapewe ya kuchapisha na kujibu tu. Kwenye Instagram na X, washeni uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuingia kwa nywila pamoja na namba ya siri inayopatikana kwenye simu, kisha namba za dharura mnazopewa ziandikwe kwenye karatasi na kuhifadhiwa pamoja na cheti cha usajili. Bila karatasi hiyo, simu ikiibiwa mnaweza kujikuta nje ya akaunti yenu wenyewe. Na mtu akiacha kazi, mamlaka yake yaondolewe siku hiyohiyo.

Kuhusu mtandao upi, jibu langu ni fupi: ule ambao walengwa wenu tayari wanautumia, na uwe mmoja kwanza. Machapisho mawili kwa wiki yanayodumu mwaka mzima yana faida kuliko kurasa tano zilizokaa kimya.

WhatsApp inahitaji uangalifu zaidi kwa sababu inaonekana rahisi. Kundi linabeba hadi watu 1,024, lakini kila mwanachama anaona namba za wenzake. Kwa asasi inayohudumia waliokimbia ukatili nyumbani au wanaotumia dawa za kufubaza VVU, kumwingiza mtu kwenye kundi ni kumtangaza. Orodha ya matangazo (broadcast), inayompelekea kila mtu ujumbe peke yake, huficha namba, ila inabeba watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yenu. Asasi nyingi hulalamika kwamba watu hawajibu, kumbe ujumbe haukufika. Chaneli, iliyoanza mwaka 2023, haiwaonyeshi wafuasi namba za wenzao, hivyo inafaa kwa matangazo ya wote. Maswali ya mtu binafsi yabaki kwenye mazungumzo ya watu wawili.

Picha ndizo zinazoumiza watu zaidi. Ridhaa haipatikani kwa kuuliza “tunaweza kukupiga picha?” huku mtu amesimama kwenye foleni ya msaada, maana hapo anahofia kwamba akikataa atakosa. Mwombe baada ya huduma, mwonyeshe picha yenyewe, mwambie itawekwa wapi, na kwamba akibadili mawazo mtaifuta, ingawa nakala walizokwisha kuchukua wengine hazirudi. Kwa mtoto, mzazi au mlezi akubali, na mtoto mwenyewe pia. Kisha itazameni picha pembezoni: nembo kwenye sare ya shule, kibao cha zahanati, namba ya nyumba. Mara nyingi uso umefichwa vizuri, halafu nembo ya sare inasema kila kitu.

Chapisho moja libebe ombi moja. Mwaka 2014, changamoto ya kujimwagia maji ya barafu iliiletea ALS Association, asasi ya Marekani inayopambana na ugonjwa wa neva uitwao ALS, dola milioni 115. Viongozi wengi wanataka kuiiga kwa kutafuta video ya kuchekesha, lakini tazama ilivyofanya kazi: kila mshiriki aliwataja wengine kwa majina ili nao washiriki, na kitendo kilikuwa kimoja kinachoeleweka. “Tuunge mkono” haimwambii mtu afanye nini. “Tunahitaji watu sita wa kufundisha hesabu Jumamosi, saa tatu hadi saa sita, tuma neno HESABU kwa namba hii” inamwambia. Instagram, kumbukeni, kiungo kilichoandikwa chini ya picha hakibofyeki. Kiwekeni kwenye wasifu.

Mkiomba michango, matapeli watakuja kwenye maoni wakiwa na jina na nembo yenu. Bandikeni juu ya ukurasa chapisho lenye namba rasmi na jina linalotokea mtu anapotuma pesa, mkieleza kwamba hamwombi kamwe mchango kwa ujumbe wa faragha. Kagueni maoni asubuhi na jioni wakati wa kampeni.

Ripoti ya mwezi isihesabu wafuasi peke yao. Kwenye fomu ya kujiandikisha wekeni swali “Umetujuaje?”, na kila anayepiga simu aulizwe hivyohivyo. Baada ya miezi mitatu majibu hayo yatawaonyesha ni machapisho gani ya kuendeleza na yapi ya kuacha.