Nywele zimerudi, ugonjwa bado upo

"Daktari, zilirudi zote, nikajua nimepona, nikaacha dawa." Hapa Kisumu neno hili la mgonjwa wa alopesia areata, ugonjwa wa nywele kudondoka kwa mabaka, nimelisikia tena juma hili, na safari hii nyusi nazo zimekwenda. Kisha naambiwa dawa ilikuwa feki. Haikuwa feki. Ilikuwa inafanya kazi, ikaachwa, kazi ikasimama.

Alopesia areata si mashilingi (fangasi ya kichwa), haiambukizi, na kinyozi wako wa Kondele hana hatia. Ni kinga ya mwili kushambulia shina la unywele. Hilo nimeshalieleza vya kutosha.

Kinachoniudhi ni neno "nimepona". Seli za kinga haziliui shina, zinalizuia kuotesha tu. Ndiyo maana aliyekaa na kipara kwa miaka bado anaweza kuota nywele, mara nyingi nyeupe kwanza. Ila shina lililo hai linaweza kushambuliwa tena. Barisitinibu, dawa ya vidonge iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa watu wazima wenye hali kali, hukata mawasiliano ya seli hizo. Ukiacha kidonge, mawasiliano yanarejea. Katika majaribio, wengi walioondolewa dawa baada ya kuota nywele walizipoteza upya.

Tena dawa yenyewe haina haraka. Kwa miligramu 4 kila siku, baada ya wiki 36, ni kama theluthi moja tu waliofikisha nywele kwenye asilimia 80 ya kichwa au zaidi. Anayekata tamaa mwezi wa pili hajaijaribu.

Najua imani hii ya "nimepona" inatoka wapi. Mwenye baka moja dogo mara nyingi huota nywele ndani ya mwaka, kwa sindano za triamsinoloni (dawa ya steroidi) kila wiki 4 hadi 6, au hata bila chochote. Ushuhuda wake ni wa kweli, lakini usiupime ugonjwa wako kwa wake ikiwa umepoteza nusu ya kichwa.

Kwa kuwa dawa hii inagusa kinga ya mwili, kabla ya vidonge napima TB, homa ya ini aina ya B na damu. Kipimo cha TB sikiruki huku kwetu, hata mgonjwa anune.

Linaloninyima usingizi ni lini nipunguze dozi. Mtu ana nywele kamili muda mrefu, vipimo ni safi, bei inamkamua. Namshusha hadi miligramu 2 huku nikimchunguza. Wengine hubaki nazo, wengine zinaanza kudondoka, na siwezi kuwatambua mapema. Anayekuambia anaweza, muulize anatumia kipimo gani.

Kwa hiyo pesa zikipungua, njoo useme kabla ya kidonge cha mwisho, tupange kushuka polepole. Nawe mama unayetaka kushika mimba, njoo mapema zaidi: barisitinibu haifai wakati huo, na ni lazima tuiondoe kabla hujaanza kujaribu.