Muuguzi Anayepona Uraibu na Leseni Iliyo Chini ya Uangalizi
Kila asubuhi, kabla hajavaa sare, muuguzi aliye kwenye programu ya uangalizi nchini Marekani huangalia simu yake kujua kama siku hiyo amechaguliwa kupimwa iwapo ametumia dawa za kulevya au pombe. Anaweza kupimwa Jumatatu, akadhani amepumua, Jumanne akaitwa tena. Akiitwa hufika kituoni siku hiyohiyo na kutoa mkojo, mara nyingi mbele ya mtu anayemtazama. Kutoangalia simu nako ni kosa. Ataishi hivyo miaka 3 hadi 5.

Watu huniuliza kwa nini asifukuzwe tu, yaishe. Swali ni la haki, maana mgonjwa aliyelala kitandani hana namna ya kumkagua anayemdunga sindano. Lakini zamani njia ilikuwa hiyohiyo ya kufukuza, na ilichozaa ni kujificha. Anayejua kwamba kukiri ni kupoteza leseni hakiri. Anahama hospitali, anaomba zamu ambazo hakuna wa kumwangalia, anaendelea kuhudumia watu huku yeye mwenyewe anaumwa. Mwaka 1983 jimbo la Florida lilianzisha programu ya njia nyingine: muuguzi anaondolewa kazini mara moja, anatibiwa, kisha anarudi kwa masharti. Majimbo mengi yalifuata.

Masharti yenyewe si mepesi. Kwa kawaida, miezi 6 hadi 12 ya mwanzo hagusi morfini, fentanili wala dawa nyingine kali ya maumivu ya jamii hiyo, inayoweza kuleta uraibu. Mwenzake ndiye anayewapa wagonjwa wake. Zamu za usiku na saa za ziada huzuiwa, na msimamizi wake hutuma ripoti mara kwa mara. Pombe pia hairuhusiwi hata kama hakuwahi kuwa mlevi, na kwa kuwa kipimo chake kinaweza kunasa mabaki ya siku 2 au 3 nyuma, huonywa hata kuhusu dawa ya kusukutua mdomo yenye kileo. Gharama za vipimo mara nyingi hutoka mfukoni mwake, wakati ambao pengine hana mshahara. Kwangu mimi hapo ndipo programu hizi zilipo dhaifu kuliko kwingine kote: mtu anaweza kushindwa kwa kukosa fedha tu, wala si kwa kurudia dawa.

Kuna kosa jingine lililochelewa kurekebishwa. Buprenofini ni tiba inayokubalika ya uraibu wa dawa za jamii ya afyuni, na hupunguza vifo. Hata hivyo, mwaka 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani ilibaini kwamba Baraza la Wauguzi la Indiana lilivunja sheria ya haki za watu wenye ulemavu kwa kuwazuia wauguzi wanaotumia tiba hiyo kuingia kwenye programu. Kumlazimisha mtu achague kati ya leseni na dawa inayomweka hai ni kumrudisha kule alikotoka.

Wodini, tatizo huanzia mahali padogo. Ampuli, yaani kichupa cha dawa ya sindano, ikibaki nusu baada ya mgonjwa kudungwa, salio humwagwa mbele ya shahidi. Shahidi ana haraka, anasaini bila kuona kilichomwagwa, na muuguzi anabaki na dawa. Baadaye wagonjwa wa muuguzi yuleyule wanalia maumivu usiku kucha, ilhali chati inasema wamepewa dawa.

Ukiyaona hayo kwa mwenzako, usimfunike kwa kumwonea huruma, na usimkabili peke yako koridoni. Andika ulichokiona, tarehe na saa, umpelekee msimamizi. Nawaomba wasimamizi nao: siku mnayomwita ofisini, msimwache aondoke peke yake akiendesha gari. Saa zinazofuata baada ya siri kufichuka ni za hatari, na wapo waliojiua. Awepo mtu wa kumfikisha nyumbani au moja kwa moja kwenye tiba, na wa kukaa naye usiku huo.