Acheni kukata mipapai dume

Dhana: "Mpapai dume hauzai, unakula nafasi tu. Kata."

Maneno haya yanasikika kila wiki Lubumbashi, kuanzia parsele za Ruashi mpaka mashamba ya barabara ya Kipushi, na mara nyingi yanasemwa panga likiwa limeshapita. Baada ya miezi michache linakuja swali jingine: mbona mipapai jike inachanua halafu maua yote yanadondoka?

Ua la jike halina nekta, yale maji matamu ya ua, hata tone. Lifungue jioni moja ujionee: petali tano nene, ovari ya mviringo katikati, na juu yake stigma, sehemu inayopokea chavua, iliyochanuka kama kiganja. Hakuna cha kunywa. Ua la dume ni jembamba, lina mrija wa kama sentimita 2, nekta iko chini na stameni, zile zinazobeba chavua, ziko mdomoni. Wanaolitafuta ni nondo wa jamii ya Sphingidae, vile vipepeo vinene vya usiku vinavyonyonya huku vikielea, bila kutua. Wanafika jua likishazama, katika saa ya kwanza ya giza. Kwa mwanga huo hafifu ua la jike linafanana na la dume vya kutosha. Nondo anakosea, anaingiza ulimi, anakuta patupu, anaondoka. Chavua imeshabaki kwenye stigma.

Papai lako linatokana na kosa hilo. Ukikata madume yote, umeondoa chavua pamoja na chakula kinachomleta nondo. Atadanganywaje na jike wakati dume wa kumfananisha naye hayupo?

Ndiyo maana hadithi ya "ua na nondo ni marafiki walioelewana" haisaidii mtu. Kila mmoja anavuta kwake. Ua ambalo mrija wake unazidi kidogo ulimi wa nondo linamlazimisha asukume uso mpaka ajipake chavua, kwa hiyo linaacha mbegu nyingi. Nondo mwenye ulimi mrefu zaidi anashiba kirahisi, kwa hiyo anaacha mayai mengi. Vizazi vikipita, mirija na ndimi vinarefuka pamoja.

Sasa kazi. Panda miche 3 kwa kila shimo, mita 2.5 kati ya shimo na shimo. Mbegu na mche havionyeshi jinsia, kwa hiyo subiri maua ya kwanza, kwa kawaida kati ya mwezi wa 5 na wa 8. Dume ana vishada virefu vyenye matawi vinavyoning'inia. Jike ana ua moja au machache, yamekaa karibu kabisa na shina. Bakiza mti mmoja kwa kila shimo, na dume 1 kwa jike 10, wakitawanywa shambani, wasirundikwe pembeni. Kupigilia msumari kwenye shina hakugeuzi jinsia, na kidonda hicho ni mlango wa kuoza.

Umeshakata yote? Omba maua ya dume kwa jirani, yaliyofunguka jioni hiyo. Pasua mrija kwa kucha, sugua stameni taratibu kwenye stigma ya ua la jike lililofunguka. Miche ya Solo, aina moja ya mpapai, yenye maua ya jinsia mbili inajichavusha yenyewe. Hiyo haihitaji dume.

Dhana: "Ulimi wa nondo umerefuka kwa kuvutwavutwa."

Mwanamke anayechimba viazi vitamu ana jibu mkononi. Lile pupa la kahawia linalotoka udongoni, yaani kiwavi akijigeuza kuwa nondo, lenye mpini uliopinda kama wa jagi, ni la nondo Agrius convolvuli. Ndani ya mpini huo umo ulimi, ukiwa na urefu wake wote, na nondo bado hajaona ua hata moja.

Dhana: "Kila ua lina nondo wake mmoja."

Mfano unaotajwa siku zote ni okidi ya Madagaska, Angraecum sesquipedale, yenye mrija wa karibu sentimita 30. Mwaka 1862 mwanasayansi Darwin alisema lazima yuko nondo wa kuufikia, na mwaka 1903 nondo huyo akapewa jina. Ni kweli, lakini ni mfano wa ajabu, haufai kuwa kanuni. Mpapai wenyewe ulitoka Amerika ya Kati ukakuta huku Afrika nondo ambao ndimi zao zilikuwa zimeshachongwa na maua mengine.

Dhana: "Vinkubala, wale viwavi tunaokula, wakigeuka nondo, watachavusha."

Hapana. Wale nondo wakubwa wanaotokana na vinkubala hawana mdomo wa kulia. Wanapandana, wanataga, wanakufa.

Dhana: "Kiwavi mwenye pembe kwenye matembele auawe bila huruma."

Huyo ndiye Agrius mwenyewe kabla hajaota mabawa. Wakizidi, waokote kwa mkono, na tuta moja la ukingoni uwaachie. Dawa kwenye mboga utakayopika wiki ijayo ni upumbavu hata kama hujali nondo. Ukilazimika kupulizia mipapai, fanya asubuhi, usiguse maua. Na ile balbu inayowaka usiku kucha juu ya miti, izime: nondo anaizunguka mpaka anachoka, na maua yanabaki yanamngoja.