Mwenye nyumba, kazi inaanza siku ya kukabidhi ufunguo

Wenye nyumba wengi wanaofika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria hapa Mbeya huja na neno moja: "Namtaka atoke." Ukiwauliza mkataba uko wapi, wanatoa daftari la shule. Mzee mmoja wa Ilomba alinifungulia lake, kurasa zimejaa majina na maneno "kalipa miezi 3". Nikamuuliza, "Mzee wangu, hiyo miezi mitatu ilianza lini ikaisha lini?" Akacheka kidogo. "Mwanangu, hapo ndipo tunapogombana."

Daftari lenyewe si kosa. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 inakubali hata makubaliano ya mdomo, ilimradi pango ni la mwaka mmoja au pungufu. Shida ya mdomo ni kwamba kila mmoja hukumbuka lile linalomfaa. Basi andikeni, na ukurasa mmoja unatosha: majina kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, chumba kipi, kodi kiasi gani, inaanza na kuisha tarehe ipi, notisi ni ya muda gani, maji na umeme analipa nani. Kila upande ulete shahidi wake, kisha mpangaji mpeleke akajulikane kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Msipoandika tarehe ya mwisho, na kodi inalipwa kila mwezi, pango lenu linahesabiwa kuwa la mwezi kwa mwezi, na anayetaka kulivunja anatakiwa kumpa mwenzake notisi isiyopungua mwezi huo. Wapo wanaodhani mpangaji asiye na karatasi hana haki yoyote. Anayo.

Halafu kuna stempu, ambayo watu huikwepa kwa kuogopa gharama wasiyoijua. Ushuru wa stempu kwenye mkataba wa pango ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Chumba cha shilingi 80,000 kwa mwezi ni 960,000 kwa mwaka, kwa hiyo stempu yake ni shilingi 9,600. Mkataba usiolipiwa stempu haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru ulipwe pamoja na adhabu yake. Nimeona watu wakikimbizana na jambo hilo asubuhi ya siku ya shauri.

Siku ya kukabidhi ufunguo, ingieni ndani wote wawili na simu. Pigeni picha vitasa, vioo, soketi, dari, sinki, choo, na mita za maji na umeme zikisomeka. Picha tumianeni papo hapo, ili kila mmoja abaki nazo kwenye simu yake zikiwa na tarehe. Ndizo zitakazosaidia kutofautisha uchakavu na uharibifu siku ya kuondoka. Rangi iliyofifia baada ya miaka miwili ni uchakavu wa kawaida, nao ni wako. Kioo kilichovunjwa kwa mpira ni cha mpangaji.

Sasa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kwa uzoefu wangu, ugomvi wa umeme ni mwingi kuliko ugomvi wa kodi yenyewe, hasa kwenye nyumba za uani zenye vyumba sita na mita moja. Mteja wa daraja la D1, yule ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi, hununua uniti kwa shilingi 100. Mkiwa familia sita kwenye mita moja, uniti 75 zinaisha kabla ya katikati ya mwezi, na mita inahamishiwa daraja la T1, ambako uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Yaani mjane anayewasha taa moja na kuchaji simu analipa bei ya jirani mwenye friji na hita ya maji. Mita ndogo za kila chumba zinasaidia kugawana bili kwa haki, lakini hazishushi daraja. Kinacholishusha ni kila mpangaji kuwa na mita yake ya TANESCO. Ni gharama, najua. Ila vyumba vyenye LUKU yake havikai muda mrefu bila mtu, na madalali wa Mwanjelwa wanalijua hilo kuliko mimi.

Kwenye LUKU hiyohiyo kuna kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapanda kuwa 1,500 mwaka 2023, yaani 18,000 kwa mwaka. Mwenye kodi hiyo ni wewe mwenye jengo. Mpangaji anayenunua LUKU anakulipia, kwa hiyo semeni mapema kama utampunguzia kwenye kodi ya pango au mtafanyaje. Ukinyamaza, yeye anaandika.

Na ukipangisha fremu au nyumba kwa kampuni au shirika, usishangae wakikuletea pungufu ya asilimia 10. Hiyo ni kodi ya zuio, wanaikata na kuipeleka TRA. Dai cheti chake, kwa sababu ndicho kinachoonyesha kwamba kodi hiyo umeshalipa.

Matengenezo ya paa, kuta kuu, mifereji na sehemu zinazotumiwa na wote ni mzigo wako pale unapopangisha vyumba ndani ya jengo. Sheria pia inataka nyumba ya kuishi iwe inafaa kuishi, siku ya kuingia na siku zote za pango. Kwa kwetu huku mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na Uyole au Tukuyu anga haliulizi kama umejiandaa. Panda juu ya paa kati ya Agosti na Oktoba. Walio karibu na chuo kikuu cha MUST hapa Mbeya, au Iringa upande wa chuo cha Mkwawa, wana bahati: wanafunzi wengi wanakuwa wameondoka miezi hiyo na vyumba viko wazi. Ukuta ukiota ukungu chini, usipake rangi juu yake. Angalia kwanza kama maji ya paa yanamwagika kwenye msingi.

Nikae kidogo kwenye suala la jiko la mkaa, maana hili si la pesa. Juni na Julai usiku wa Mbeya, Makete na Njombe ni wa baridi kali, na watu huingiza jiko chumbani, hufunga dirisha na kuziba matundu kwa magazeti. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala hapati nafasi ya kuamka. Mwenye nyumba, acha matundu juu ya kila dirisha, yawekee wavu ili wapangaji wasiyazibe kwa kuogopa mbu, na jenga kibanda cha kupikia uani hata kama ni cha bati nne. Andika kwenye mkataba kwamba jiko halilali ndani. Kisha waambie kwa mdomo pia, kila Mei, ukipita kuchukua kodi.

Kodi ikichelewa, angalia kwanza mpangaji wako anakula wapi. Mwanafunzi anangoja bumu, yaani fedha yake ya mkopo wa masomo. Mfanyabiashara wa mpunga wa Mbarali au viazi vya Uporoto ana miezi ya neema na miezi ya ukata. Binafsi siungi mkono kudai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Unapata fedha leo, lakini unajifunga na mtu usiyemjua kwa miezi 12. Mitatu mitatu inatosha kumfahamu. Kupandisha kodi nako kungoje mkataba uishe. Ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, hivyo bei ni makubaliano yenu, ila makubaliano hayavunjwi katikati na upande mmoja.

Akishindwa kabisa, mpe notisi ya maandishi inayotaja deni, miezi yake na muda wa kulipa, na baki na nakala iliyosainiwa. Usifunge kufuli juu ya kufuli lake, usikate maji, usitoe vyombo nje. Mama mmoja alifanya hivyo akidai laki mbili na nusu, akaishia kujibu madai ya televisheni na magodoro yaliyonyeshewa. Njia iliyopo ni baraza la kata, ambalo kwa sasa kazi yake ni kusuluhisha tu. Usuluhishi ukishindikana, au siku 30 zikipita bila mwafaka, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Siku anapoondoka, rudieni zile picha za mwanzo mkiwa pamoja, chumba kikiwa kitupu na mchana kweupe. Lipeni bili ya maji kabla hajapakia mizigo, kwa sababu mita iko kwa jina lako na deni litabaki kwako. Hesabuni funguo zote, pamoja na ule aliomchongea mdogo wake. Na soma uniti zilizobaki kwenye LUKU, uziandike. Aliyeacha uniti 40 atarudi kuzidai.