Dhana potofu kuhusu mashine za kuondoa theluji: matangazo ya kasoro, nguvu za injini na usalama wa vidole

Wenye mashine za kuondoa theluji wakikutana, maswali huwa yaleyale: yako ina upana gani, injini yake ina nguvu kiasi gani, inarusha theluji umbali gani. Ni nadra kusikia mtu akiuliza: ukiachia leva, parafujo inasimama baada ya muda gani? Mimi naona swali hilo lilipaswa kutangulia yote. Majeraha mabaya zaidi ya mashine hizi hutokea kwenye vyuma vinavyozunguka, yaani parafujo ya mbele inayochota theluji na pangaboi la nyuma yake linaloitupa nje kupitia bomba. Ukisoma matangazo ya kurejesha bidhaa zenye kasoro, utakuta baadhi yake yanahusu vyuma hivyohivyo.

"Mashine yangu ikiwa na kasoro, kampuni itanijulisha."

Itakujulisha kama inakufahamu. Nchini Marekani, kampuni ikipata taarifa kwamba bidhaa yake ina kasoro inayoweza kuleta hatari kubwa, sheria inaitaka iripoti ndani ya saa 24 kwa CPSC, tume ya nchi hiyo ya usalama wa bidhaa za watumiaji. Kanada, taarifa ya kwanza ya tukio la namna hiyo hupelekwa Health Canada ndani ya siku 2. Lakini kasoro kufika serikalini hakumaanishi kwamba habari imekufikia wewe. Kama ulilipa taslimu na kadi ya usajili ikabaki ndani ya boksi, au kama mashine umeuziwa na jirani, hakuna mahali popote jina lako limeandikwa. Sajili mashine yako hata kama ina miaka kadhaa, na kabla ya kila msimu wa baridi tafuta modeli yako kwenye tovuti za taasisi hizo. Zote mbili huorodhesha matangazo hayo wazi, bila malipo.

"Tangazo lile ni la mashine za kampuni nyingine."

Watu wengi husoma jina la kampuni kwenye kichwa cha tangazo wakaishia hapo. Sehemu yenye maana iko chini zaidi: namba ya modeli na namba za mfululizo, kuanzia hii hadi ile. Mwaka 2021, kwa mfano, Toro ilitangaza kurejesha mashine za Power Max 826 OHAE kwa sababu parafujo ingeweza kuendelea kuzunguka hata baada ya leva kuachiwa. Tangazo hilo halikuhusu kila mashine ya Power Max. Majirani wawili wanaweza kuwa na mashine zinazofanana rangi na umbo, moja imo kwenye tangazo na nyingine haimo.

Kinyume chake pia hutokea. Kiwanda kimoja huweza kuunda mashine zinazouzwa kwa majina tofauti. MTD, kwa mfano, imetengeneza Cub Cadet na Troy-Bilt. Injini nayo mara nyingi hutoka kwa mtengenezaji mwingine kabisa, na tatizo la tangi la mafuta au kabureta linaweza kutangazwa kwa namba za injini. Kwa hiyo andika namba zote tatu: ya modeli na ya mfululizo kutoka kwenye kibandiko au bati lililopo kwenye fremu, kwa kawaida upande wa nyuma, halafu ile iliyogongwa kwenye injini yenyewe. Zipige picha kwa simu sasa, kibandiko kikiwa bado kinasomeka. Chumvi ya barabarani na maji hukifuta haraka.

"Modeli iliyowahi kurejeshwa ni mbovu, usiinunue."

Siafiki. Tangazo linaonyesha kwamba kasoro imejulikana, imeelezwa na ina tiba: ukarabati wa bure, kubadilishiwa mashine au kurudishiwa fedha. Mashine iliyokwisha kutengenezwa kwa mpango huo inaweza kuwa salama kuliko ile ambayo hakuna aliyewahi kuripoti tatizo lake. Cha kuuliza ni kama kazi imefanyika, na fundi aliyeidhinishwa na kampuni anaweza kuhakikisha hilo kwa namba ya mfululizo.

Swali hilo lina uzito zaidi kwa mashine ya mtumba. Tangu sheria ya mwaka 2008 ya kuboresha usalama wa bidhaa, ni kosa nchini Marekani kuuza bidhaa iliyotangazwa kurejeshwa bila kasoro yake kurekebishwa, na katazo hilo halikuishia kwenye maduka ya vitu vipya. Muuzaji akikataa kukutumia picha ya kibandiko, tafuta mashine nyingine.

"Nikishazima injini, naweza kuingiza mkono."

Hapa ndipo vidole vinapopotea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Theluji kavu na nyepesi hupita bila taabu. Ile nzito yenye maji, inayoanguka joto likikaribia nyuzi 0, hushikana na kuziba bomba. Mtu anazima injini, anainama, anaona donge la barafu limebanwa kati ya panga moja na ukuta wa bati. Kila kitu kimetulia. Asichokiona ni mkanda unaopeleka nguvu ya injini kwenye pangaboi: pangaboi lilipokwama, mkanda uliendelea kuvuta, na sehemu ya mvuto huo imebaki imefungiwa ndani ya mashine. Donge likitoka, pangaboi linaruka. Haliruki mzunguko mzima, lakini kipande hicho kidogo kinatosha, na kinamalizika kabla mkono haujaanza kurudi. Glavu nene haisaidii kitu. Inaweza hata kunaswa na kuuvuta mkono ndani.

Utaratibu ulio salama ni huu: achia leva zote, zima injini, chomoa ufunguo, subiri kila kitu kisimame, kisha zibua kwa kijiti. Mashine nyingi huuzwa na kijiti cha plastiki kilichopachikwa juu ya bati la mbele. Kikipotea, tumia mti mgumu wenye urefu wa kutosha. Mkono hauingii mle, hata kama injini imezimwa tangu jana.

Wenye mashine za umeme au betri wasijitoe kwenye mazungumzo haya. Mota haina ngurumo ya kukuonya kwamba iko tayari kuzunguka, hivyo chomoa waya au toa betri kabla ya kugusa chochote.

"Parafujo haikusimama nilipoachia leva, basi ina kasoro."

Huenda, huenda sivyo. Mashine nyingi za hatua mbili, yaani zile ambazo parafujo huchota na pangaboi hurusha, zina leva mbili, moja ya magurudumu na moja ya parafujo. Ukishazibana zote, ile ya magurudumu huishikilia ya parafujo chini, ili mkono mmoja uwe huru kugeuza bomba la kurushia. Parafujo ikiendelea kuzunguka hapo, imefanya kama ilivyoundwa. Kipimo cha kweli ni kuachia zote mbili. Simama nyuma ya vishikio, mbele pakiwa hapana mtu wala kitu, washa, bana leva, kisha achia zote na uhesabu. Miongozo mingi hutaja sekunde 5: ndani ya muda huo parafujo na pangaboi viwe vimesimama kabisa. Vikizidi hapo, acha kuitumia. Inawezekana waya wa leva unahitaji kurekebishwa, na inawezekana pia mashine yako imo kwenye tangazo ambalo hujalisoma.

Ukienda kulinganisha mashine dukani, ombeni mashine iwashwe na mfanye jaribio hilo palepale. Angalia pia kama leva zinabanika ukiwa umevaa glavu, na kama bomba linageuzwa kutoka kwenye vishikio bila kuzunguka kwenda mbele.

"Nguvu za farasi nyingi, mashine bora."

Takwimu hiyo iliwahi kuzua kesi kubwa Marekani kuhusu mashine za kukatia nyasi: wanunuzi walidai nguvu zilizoandikwa zilizidi zile halisi, na mapatano yakaidhinishwa mwaka 2010. Siku hizi watengenezaji wengi huandika ujazo wa injini kwa sentimita za ujazo, au msokoto wake, yaani nguvu yake ya kuzungusha. Hata hivyo, injini kubwa haizuii bomba kuziba. Kasi ya ncha za pangaboi na uwazi uliopo kati ya mapanga na ukuta wake vina uzito zaidi kwenye theluji yenye maji: uwazi ukiwa mkubwa, tope la theluji hubaki nyuma badala ya kurushwa. Na kila kuziba kunakopungua ni mwaliko mmoja pungufu wa kuinama karibu na vile vyuma.

Aina ya njia yako nayo iamue. Mashine ya hatua moja, ambayo parafujo yenyewe huchota na kurusha, hugusa ardhi na kusafisha vizuri saruji au lami, lakini kwenye kokoto hurusha mawe. Kwa kokoto chukua ya hatua mbili, na ushushe viatu vyake vya pembeni, yaani vyuma vinavyoteleza juu ya ardhi, ili parafujo inyanyuke juu ya mawe.

"Pini ikivunjika, weka boliti ngumu zaidi."

Pini zinazofunga parafujo kwenye mhimili wake zimetengenezwa laini makusudi. Parafujo ikigonga jiwe au gazeti lililoganda, pini hukatika na giaboksi hupona. Ukiweka boliti ngumu, gazeti lilelile litavunja meno ya giaboksi, na bei yake hailingani hata kidogo na ya pini. Nunua pini za modeli yako hasa, kwa namba ya kipuri, na weka mbili za akiba pamoja na spana yake. Kabla ya kuzibadilisha, zima injini na uchomoe waya wa plagi ya injini, kwa sababu kazi hiyo inaiweka mikono yako palepale kwenye parafujo.