Huyu mama mwenye kamba ni nani? Yasemwayo na yalivyo kuhusu Molly Williams

Picha ninayoichora sasa imeegemea ukuta wa karakana yangu hapa Kondele, Kisumu, na mlango huwa wazi ili nipate mwangaza. Basi wapita njia husimama. Wanamwona mwanamke mweusi, aproni ya mirabaraba, theluji hadi magotini, kamba mikononi, na nyuma yake pampu ya moto ya magurudumu. Kila mmoja ana lake la kusema, na mengi si kweli.

"Huyo alikuwa akiwapelekea wanaume chakula." Hapana. Molly Williams alikuwa mtumwa wa Benjamin Aymar, mfanyabiashara wa New York aliyekuwa mwanachama wa kikosi cha zimamoto cha Oceanus, Nambari 11. Mwaka 1818 dhoruba ya theluji iliupiga mji ule huku wanakikosi wengi wakiwa wamelazwa na mafua makali. Moto ulipotangazwa, Molly alishika kamba akaikokota pampu katika theluji ile. Siku hizo pampu ilivutwa kwa mikono na maji yakasukumwa kwa mikono. Kikosi kikamwita Mjitolea Nambari 11. Mjitolea! Mtu ambaye mwili wake ulikuwa mali ya mwingine. Utumwa katika jimbo la New York ulikomeshwa tarehe 4 Julai 1827. Jina hilo hunikaa kooni, na ndilo lililonifanya nishike brashi.

"Wanawake wameingia zimamoto juzi tu, baada ya mambo ya Beijing." Mkutano wa wanawake wa Beijing ulifanyika 1995, Molly alikuwa ameshavuta pampu yake miaka 177 kabla. Hata hivyo, wasemao hivi nawaelewa. Mji ule ule wa New York uliajiri wanawake wa kwanza katika zimamoto mwaka 1982, tena baada ya mmoja wao, Brenda Berkman, kwenda mahakamani. Kazi waliifanya zamani. Mshahara na sare ndivyo vilivyochelewa.

Vijana wenye simu huniambia nitafute picha yake halisi niinakili. Mwaka 1818 hapakuwa na kamera. Mbinu ya Mfaransa Daguerre ya kupiga picha ilitangazwa 1839. Kwa hiyo uso nimeuinamisha, kivuli cha kilemba kimefunika nusu yake, na nguvu zote nimezipeleka mikononi. Hapo nami nilikosea. Dada mmoja wa kazi ya zimamoto alikuja kunisaidia, akaishika kamba mbele yangu, kisha akatazama nilivyochora: viwiko vimekunjwa, mikono kifuani. "Kaka, hivyo ni kuvuta ndoo kisimani," akasema. Mzigo mzito huvutwa kwa miguu na kiuno, mikono ikinyooka na mwili ukilala mbele. Nilikwangua kazi ya wiki mbili.

Dada huyo huyo aliona vitambaa vyangu vimerundikwa pembeni na akanigombeza. Mimi, kama wengi, niliamini moto hauji bila kiberiti au cheche. Lakini rangi ya mafuta ya kitani haikauki kama nguo kambani: mafuta huungana na oksijeni ya hewa, na kuungana huko hutoa joto. Kitambaa kimoja kikitandazwa, joto hupotea. Vikirundikwa, hujikusanya ndani hadi rundo linawaka lenyewe. Sasa natumia debe la bati lenye kifuniko, na maji ndani yake.

Kuhusu ngozi nitasema kifupi, maana wachoraji wenzangu wachanga huniuliza. Ngozi nyeusi haichorwi kwa rangi nyeusi ya kopo. Hiyo huizima kama makaa yaliyomwagiwa maji. Changanya hudhurungi, nyekundu na buluu. Kwa Molly, theluji inarusha mwanga wa kibuluu kutoka chini, nao nimeuweka chini ya kidevu.

Yote hayo ni mepesi kando ya lile aliloniuliza mzee mmoja wa Siaya, kwa sauti ya chini: kwa nini namtukuza mzimamoto? Nilijua alikotoka. Nyanya yangu pia alitufundisha kulikimbia gari jekundu. Zama za mkoloni uvumi ulienea Kenya, Uganda na Tanganyika kwamba wazimamoto huwakamata Waafrika usiku na kuwanyonya damu; kwingine waliitwa mumiani. Wazimamoto hawakunyonya damu ya mtu. Ila siwezi kuwacheka walioamini. Gari lilikuwa la serikali, limebeba mipira ya maji na ndoo ambazo hakuna aliyewaeleza kazi zake, na serikali hiyo ndiyo iliyotoza kodi ya vibanda na kuwatoa watu makwao kwa kazi za lazima. Aliyekwisha kukutwalia nguvu zako, utashindwaje kuamini kwamba anataka na damu?

Nilimvutia kiti. Nikamsimulia kuhusu Aymar, theluji, na jina la mjitolea alilopewa mtu asiyemiliki hata siku yake. Mzee alisogea akaitazama ile mikono kwa muda mrefu.

"Kumbe, mwanangu," akasema, "yeye ndiye aliyekamatwa."

Kesho yake alirudi na mkewe ili naye amwone.